Majina Kwenye Vitambaa vya Brashi

Kila jioni Fundi alifunga dirisha kabla ya kuosha brashi zake. Vumbi la Bariadi, wakati pamba imekwisha kuvunwa na mashamba yamebaki uchi, huingia hadi ndani ya sanduku lenye kufuli, na brashi iliyopakwa mafuta hunasa kila chembe inayopita. Kwa hiyo alifunga dirisha, akashusha pazia la mlangoni, akainama juu ya makopo matatu katika chumba kisicho na hewa. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia msibani siku nzima. Hakuwa amelia. Ilikuwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Mimi nilijua ni thina, na wapangaji wenzangu wote walijua. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye, alipohitajika mtu wa kulisema, hakuna aliyelisema.

Nilikuwa msichana mgeni mjini, nimepanga chumba cha pili kutoka chake, nyuma ya soko, wakati nikijitolea kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Yeye alikuwa mama mtu mzima aliyeandika maandishi ya mji ule kwa mkono: majina ya maduka, maonyo ya ukutani, ubavu wa matrela ya matrekta, ramani ya Tanzania kwenye kuta za madarasa, na majina ya marehemu kwenye misalaba. Watu walimwita Fundi, basi. Mimi nilimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama, naye aliniita Mwalimu hata siku aliponikasirikia.

"Ukuta hauui brashi," aliniambia mara ya kwanza nilipokaa kumtazama. "Ukuta unaikwaruza tu. Anayeiua ni fundi mwenyewe, jioni, akisema nimechoka, nitaosha kesho."

Alianza kwa kukamua rangi kwenye ukingo wa kopo, kisha akaifuta brashi kwenye gazeti, upande huu na upande ule, mpaka gazeti likabaki karibu safi. Ndipo makopo. La kwanza lilikuwa na thina chafu ya siku nyingi, la pili thina iliyotulia, la tatu mafuta ya taa masafi. Thina hakuimwaga. Aliiacha siku mbili tatu uchafu ukazama chini, akaimimina ile ya juu taratibu kwenye kopo jingine, bila kutikisa, akiwa amebana pumzi kama anayembeba mtoto aliyelala. Brashi ya rangi ya maji haikufika kwenye makopo yale. Hiyo ilitaka maji na sabuni tu, na fundi aliyeitia kwenye thina alimwita mharibifu, mbele za watu.

Baada ya makopo ilikuja sabuni ya mche. Alizungusha brashi kiganjani mpaka povu likatoka na rangi, akasuuza, akarudia, akasuuza, mpaka povu likawa jeupe. Mahali pa hatari palikuwa shingoni, pale nywele zinapoingia kwenye bati. Alipabonyeza kwa kucha ya kidole gumba, akasikiliza. Ndiyo, alisikiliza. Rangi iliyoganda shingoni, alisema, inalia kama mchanga mdomoni. "Ukiiacha hapo, keshokutwa nywele zinatawanyika kama za mwehu, na herufi zako zitakuwa za mwehu pia." Kisha alizichana kwa kitana cha zamani, akazipaka samli kidogo, akazinyoosha ncha kwa vidole.

Mwisho aliifunga kila brashi ndani ya kitambaa cha pamba, akakaza uzi, akaining'iniza kwenye kenchi ya paa kwa kipini, kichwa chini. Ukiisimamisha ndani ya kopo kichwa juu, maji yanashuka shingoni na kulegeza gundi. Ukiisimamisha kichwa chini, nywele zinapinda kwa uzito wake. Ikining'inia haidhuriki. Zilikuwa zaidi ya thelathini. Upepo ulipopenya chini ya bati ziligeuka polepole, zote kwa pamoja, na samli ilikuwa imetoa madoa ya manjano kwenye vitambaa. Mgeni aliyechungulia bila kuambiwa kitu aliona vifurushi vya nywele na mafuta vikining'inia juu ya kitanda cha mama mwenye macho mekundu. Yeye aliona brashi tu. Nafikiri hakuwahi, hata mara moja, kusimama mlangoni akakitazama chumba chake kwa macho ya mtu mwingine.

Brashi ndogo za herufi alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe, alizokwenda kuzichagua machinjioni. Alichagua kwa muda mrefu, mkia baada ya mkia, akipitisha nywele mdomoni kupima ulaini wake. Wachinjaji walimtania.

"Fundi, leo unamtengenezea nani?"

"Wewe. Lete jina lako."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini mmoja wao, nakumbuka, alicheka huku akirudi nyuma hatua moja.

Alikuwa na utani wa namna hiyo, mkavu, na hakujua kuupima. Alimtania hasa mtu mmoja aliyefungua kiofisi cha mabango ya kuprinti ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akimnyang'anya kazi wiki baada ya wiki. Yule bwana alikuwa akipita asubuhi na kusema, "Mayu, bado unawaogesha hao marehemu wako?"

"Nawaogesha. Wako wewe hawaogi?"

"Wangu nikibonyeza wanatoka wenyewe."

"Na jua likibonyeza wanaondoka wenyewe. Miezi sita tu bango lako jeupe kama ugali. Mtu jina lake linafutika angali hai."

Watu walioketi kwenye baraza waliguna. Maneno kama hayo yakitoka kinywani mwa mtu mwingine ni mzaha. Yakitoka kwake yalibaki hewani kidogo.

Hakuazima brashi. Angekupa unga, chumvi, kiti chake, hata blanketi, lakini fundi mwenzake aliyekuja kuomba brashi ya inchi mbili kwa nusu saa alirudi mikono mitupu. Na mtu yule yule aliyeweza kuosha brashi moja kwa dakika arobaini aliacha sufuria yake na ukoko siku mbili, akala amesimama, na kusahau viatu vyake nje mvua ikavijaza. Nilimwuliza mbona hajijali hivyo. Akasema sufuria haiandiki kitu.

Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la mbele. Waganga aliwadharau waziwazi. Aliwaandikia vibao vyao kama alivyomwandikia fundi cherehani, kisha akavicheka. Hata hivyo alikuwa na mwiko mmoja, wa kwake mwenyewe. Jina la mtu aliye hai hakuliandika kwa rangi nyeusi peke yake. Aliweka ukingo wa bluu, au kidoti cha kijani chini ya herufi, chochote. Nyeusi tupu ilikuwa ya misalaba. Nilipomwuliza kama anaamini kitu gani hasa, alisema, "Siamini kitu. Sitaki tu kuonekana nimeuwahi msiba wa mtu."

Jambo lililommaliza, hata hivyo, lilikuwa dogo kuliko mwiko huo. Lilikuwa herufi mbili.

Wasukuma wengi waliojifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani hupata shida na R na L, na Fundi, aliyeishi kwa kuandika, alikuwa mmoja wao. Kutamka hakukumsumbua, anayemsikiliza angeelewa. Kuandika kulimtia hofu. Alikuwa ameandika DUKA RA DAWA kwenye ukuta wa barabarani na likasomwa na mji mzima kwa wiki nzima. Kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta alijaribu jina kwenye kipande cha kitambaa, namna zote mbili, mara nyingi, akilitazama kwa mbali mpaka moja lionekane kweli. Kwenye kujaribu alitumia mabaki yoyote ya rangi, na mabaki karibu siku zote yalikuwa meusi. Na kitambaa kile, kwa kuwa alichukia kutupa pamba nzuri, ndicho alichofungia brashi.

Mara nyingi aligonga mlango wangu. "Mwalimu. Maria ni R au L?"

"Ni R, Mayu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alikwenda, akarudi. "Na Salome?"

Siku moja aliusahau mlango wangu. Mzee mmoja wa njia ya Maswa alikuwa amempoteza bintiye, na Fundi akaandika msalaba: MALIA. Aligundua msalaba ukiwa tayari kwenye toroli la baiskeli. Akaukimbilia, mama mtu mzima, brashi mkononi, akimwomba yule baba asimame aurekebishe. Yule baba akasoma, akapitisha kidole kwenye ile L. Akasema, "Acha hivyo hivyo, Mayu. Sisi nyumbani ndivyo tulivyomwita." Fundi aliniambia habari hiyo zaidi ya mara moja na kila mara sauti yake ilishuka pale pale.

Hayo yote niliyajua, na mtu mwingine hakuyajua kama mimi. Ndiyo sababu siwezi kusema nilikosea kwa kutojua.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Aliniita chumbani nimshikie kamba akiongeza msumari kwenye kenchi. Jua lilikuwa likipenya kwenye matundu ya bati, na vifurushi vile vilikuwa vimeshika mwanga, kila kimoja na jina lake lililorudiwarudiwa. Salome, Sarome. Rehema, Lehema, Rehema, Lehema. Nilipenda nilichokiona. Nikatoa simu, nikapiga picha, na jioni nikaiweka kwenye status yangu ya WhatsApp na maneno haya: "Majina yetu yote yananing'inia kwa Fundi, kichwa chini." Niliipenda sentensi ile. Niliisoma mara nne kabla ya kulala.

Rehema alikuwa mama wa duka la tatu kutoka kwetu, tulikonunua sabuni na mafuta ya taa. Fundi ndiye aliyemwandikia kibao. Mwezi ule miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kuvaa viatu, na watu walikuwa wameanza kuuliza kwa sauti ya chini kwa nini. Picha yangu ilitoka kwenye simu yangu ikaenda kwenye nyingine, na nyingine, na asiyejua kusoma alisomewa.

Jumanne saa sita mchana walikuja mume wa Rehema na wanawake watatu. Hawakupiga kelele. Ningefurahi kama wangepiga kelele. Mume wa Rehema alivua kofia, akamsalimia Fundi, akasema, "Mayu, tunaomba kuona vya kwako vilivyomo ndani."

Akawatazama wao, akanitazama mimi nimesimama mlangoni kwangu. "Ni brashi," akasema. "Ingieni."

Alizitungua mwenyewe, moja moja, akaziweka juu ya mkeka uani. Alipofungua kifurushi cha Rehema, jina lilikuwa limeandikwa mara kumi na moja, na lote lilikuwa jeusi. Nilimwona yeye mwenyewe akisita. Mkono wake ulisimama juu ya kitambaa, kama mtu aliyegundua kwamba usiku alitembea usingizini. Wale wanawake waliuona mkono ule.

"Kwa nini jina la mke wangu?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika."

"Unanunua sabuni kwake kila siku, hulijui jina lake?"

"Kulisema nalijua. Kuliandika ndiko sikuwa na hakika. Ni R na L, baba. Mwulizeni Mwalimu, nimemwuliza mara nyingi."

Wakanigeukia wote. Nilikuwa na kila kitu cha kusema. Nilikuwa na Maria na Salome, nilikuwa na duka la dawa, nilikuwa na makopo matatu na sababu ya macho mekundu. Na nilikuwa nimeona, nyuma ya mume wa Rehema, kwamba watu wengine walikuwa wamesimama kwenye uchochoro, na kwamba mmoja alikuwa akinitazama mimi, si yeye.

"Mimi aliniuliza mara moja," nikasema.

Fundi hakunitazama tena. Mume wa Rehema alikichukua kitambaa, akakichoma pale pale uani, na samli ilifanya moto uwe mrefu. Brashi iliyokuwa ndani aliiacha kwenye mkeka.

Wiki ile ile Rehema alipelekwa hospitali. Wakamkuta na presha, wakampa vidonge, na miguu ikapungua. Nilifurahi kama mjinga, nikidhani sasa mambo yamekwisha. Lakini mji ulihesabu kwa namna yake. Kitambaa kilichomwa Jumanne, na Jumapili Rehema alivaa viatu kwenda kanisani. Kupona kwake ndiko kulikokuwa ushahidi. Watu waliotajwa kwenye vitambaa vingine wakaanza kuja, kwa adabu, kuomba vyao. Na wale ambao majina yao hayakupatikana hawakutulia. Waliuliza yao ameyaficha wapi.

Mwenyekiti wa mtaa alimwita Fundi ofisini, nami nikamsindikiza, hilo angalau nililifanya. Alimpa kiti. Alisema kwa upole, "Mimi binafsi siamini mambo haya, Mayu. Lakini kwa usalama wako." Hakuimaliza sentensi yake. Haikuwa na haja ya kumalizwa.

Aliondoka kwenda Migato, huko Itilima, kwa kaka yake, na begi moja na godoro. Brashi aliniachia mimi. Sikutegemea hilo na sikujua ni heshima au adhabu. "Zioshe hata kama huzitumii," alisema. "Samli kila mwezi. Na vitambaa viwe vitupu." Nilikuwa nimemwambia habari ya picha siku hiyo hiyo asubuhi, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sentensi ile ilikuwa na makosa ya herufi. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa.

Nilikaa miezi saba bila kwenda. Nilijiambia kuna kufundisha, kuna mitihani. Mwezi wa kumi na mbili mvua zilikuwa zimechelewa, na kwenye kituo cha magari niliwasikia watu wa Itilima wakizungumzia mvua kwa sauti ile ya kumtafuta mwenye kosa. Siku iliyofuata nilizifunga brashi zote ndani ya kanga na kupanda gari. Nilikoshushwa barabarani nikachukua bodaboda hadi Migato.

Nilimkuta jikoni kwa wifi yake, kibanda cha nyasi kisicho na tundu la moshi, akipuliza kuni. Aliposimama macho yake yalikuwa mekundu kuliko yalivyowahi kuwa Bariadi.

"Mwadila, Mayu," nikamsalimu.

"Mwadila. Karibu, Mwalimu. Sasa si thina tena, ni kuni. Macho yangu hayana kazi inayoyafaa."

Alikuwa amekonda. Uani palikuwa safi kupita kiasi, hapana kitu kilichoning'inia popote, hata kamba ya nguo haikuwepo. Nguo zilianikwa chini, juu ya majani makavu. Alizifungua brashi, akabonyeza ya inchi mbili shingoni kwa kucha, akasikiliza.

"Umeosha. Hapa shingoni umeogopa."

"Nilifanya kama ulivyosema."

"Ulifanya kama nilivyosema, siyo kama nilivyofanya." Lakini alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu hakuiweka chini. Kisha akazifunga zote tena na kunirudishia. "Ondoka nazo. Zikikutwa hapa, hata Mungu hataweza kunitetea."

Wifi yake, mama mnene asiyecheka, alipita na ndoo kwenda kisimani na kuniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. Hakunisalimia. Fundi alinikaribisha viazi vya maziwa, tukala. Aliniuliza habari za shule, za bwana wa mabango, za Rehema. Nilisema Rehema ni mzima. "Vizuri," akasema. Saa tisa alisema ni wakati wa mimi kuondoka, na aliponisindikiza aliishia kwenye kona ya nyumba, hakufika njiani.

Dereva wa bodaboda niliyemkodi kurudi alikuwa kijana mchangamfu. Hatukufika hata kilomita mbili akaniuliza, akigeuza shingo, "Dada, umetoka kwa yule bibi?"

"Ndiyo."

"Hajakupa kitu?"

"Kitu gani?"

"Mimi nauliza tu. Ndama wa jirani yake wamekufa wawili. Kesho asubuhi sungusungu na banamhala wanakaa kikao, ameitwa yeye. Hajakuambia?" Sungusungu ni walinzi wa jadi, banamhala ni wazee wa kijiji. "Kuna picha kutoka mjini, wameitunza. Inaonyesha majina ya watu yamening'inizwa."

"Simamisha."

"Hapa hakuna kitu, dada."

"Simamisha pikipiki."

Nilirudi kwa miguu, kanga ya brashi begani, jua likinipiga kisogoni. Nilizifukia brashi kwenye mtaro wa shamba la pamba la msimu uliopita, nikaweka jiwe. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda pale pale aliponiachia, kama mtu anayesubiri mzigo.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu kesho?"

"Ungefanya nini, Mwalimu? Ungepiga picha?"

Nilikaa chini mbele yake. Nikamwambia twende mjini wote, sasa hivi, tutembee mpaka barabarani. Akakataa. Alikuwa amehama mara moja, alisema, na wanaokuita mchawi huhesabu nyayo. Akihama tena kabla ya mkutano hawatahitaji mkutano. Na kaka yake angebaki na nyumba iliyotoa mkimbizi.

"Basi kesho nitakuwepo. Nitasema ni mimi niliyeandika maneno yale. Nitawaeleza R na L, nitawaeleza brashi, thina, kila kitu."

"Utawaeleza kwa lugha gani?"

Miaka miwili Bariadi, na Kisukuma changu kilikuwa salamu na bei za sokoni.

"Kiswahili chako ni kizuri mno," alisema. "Wakikisikia watajua umesoma, na picha ile iliandikwa na mtu aliyesoma. Watafikiri unaongeza nyingine. Utasema kwa lugha yao, na utasema kifupi."

Akatafuta maneno, akiyapanga kwa vidole juu ya goti lake kama anayepima nafasi ya herufi ukutani. Kisha akanipa sentensi moja ya Kisukuma. Maana yake: mimi ndiye niliyesema, nilidanganya, huyu mama hana kitu.

"Lakini sikudanganya, Mayu. Nilitania tu. Majina yalikuwepo kweli."

"Mkutano huo hauna mahali pa kuweka utani. Ukisema ulitania, nitakuwa na kitu ambacho wewe ulikitania. Sema ulidanganya."

"Wakiniuliza kwa nini nilidanganya?"

"Hapo utakuwa peke yako," akasema. "Mimi pia nilikuwa peke yangu."

Nikaijaribu sentensi. Nilikwama katikati, kwenye neno la kudanganya, ambalo lina sauti inayokataa kutoka kwenye koo langu. Akanirudisha mwanzo. Nikakwama tena pale pale. Hakukasirika na hakunitia moyo. Alisema tu, "Tena," kwa sauti ile ile, na nilipofika kwenye neno lile aliinua uso wake na kunitazama mdomoni, macho yakiwa mekundu, yakitiririka kwa moshi.

"Tena. Mtu anayekwama pale hawatamsubiri."

Nikarudia. Sijui mara ngapi. Ng'ombe walikuwa wakirudi zizini, na watu wachache walikuwa wakipita njiani na majembe, na niliona kwamba wakifika mbele ya nyumba ile walihamia upande wa pili wa njia. Nikaongeza sauti. Fundi akasema, "Ndiyo, hivyo, wasikie," nami nikaisema sentensi nzima kwa mara ya kwanza bila kukwama, kwa nguvu, uani, mchana ungalipo.

Wifi yake alikuwa anarudi kutoka kisimani, safari ya pili. Alisimama kwenye ua wa minyaa, maji yakimchuruzika shingoni, akinitazama. Alikuwa amesikia. Aliinua mikono yote miwili, akatua ndoo chini, akasimama pale kusikiliza.

"Tena," Fundi akasema.